Nati Niliyoikaza kwa Vidole

Tulimzika Hiza Jumamosi iliyopita huko Muheza, na tangu nirudi Moshi watu wa nyumbani hawaachi kuniuliza kwa nini nilisimama kuzungumza msibani wakati jina langu halikuwa kwenye ratiba. Sijawajibu. Nikianza kuwajibu itabidi nianzie mbali, kwenye mwaka ule mimi na Hiza tuliopanga chumba kimoja mtaa wa Pasua, na wajukuu zangu hawana subira ya habari ndefu. Mke wangu anayo subira, lakini yeye alimpenda Hiza kuliko alivyowapenda ndugu zangu wengi, na sijui nitamtazamaje nikimaliza kusimulia. Basi nimeona niandike, nimwachie daftari mezani, nitoke nje nikapogoe kahawa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ya vyumba sita, karibu na choo, ndiyo maana tulikipata. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyochimbika mlangoni, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na ukutani misumari minne, miwili yake na miwili yangu. Kitanda kilikuwa kimoja cha futi tatu na nusu, tukilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu usoni kwake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeshuka kutoka Uru, mlimani, kujifunza ufundi wa magari. Yeye alinizidi mwaka mmoja. Kwao asili ni Muheza, lakini alikulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa kusini ya mji, kwa hiyo alikijua Kichagga cha kugombana na Kibondei cha kusalimiana. Aliniita Mangi tangu siku ya kwanza, kama watu wa mikoa mingine wanavyomwita Mchagga yeyote mwenye duka. Mimi duka sikuwa nalo, nilikuwa na viatu jozi moja.

Mpishi alikuwa Hiza, kwa sababu mimi nilijua kupika ndizi tu na ndizi za mjini nilizidharau. Alipika ugali kwa dagaa, ugali kwa perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wali kwa perege, na mwisho wa mwezi ugali kwa mchuzi uliowahi kupitiwa na perege. Kwetu samaki hakuwa chakula. Shangazi yangu, aliyenilea, alimwita nyoka wa majini, na sufuria iliyopikiwa samaki asingeiruhusu ivuke mlango. Mara ya kwanza Hiza aliponiwekea sahani nilikula ugali mtupu. Mara ya pili nilionja mkia. Kufikia mwezi wa tatu tulikuwa tukigombea kichwa, na yeye akicheka kwamba siku moja atanipeleka Tanga kwa mjomba wake mwenye boti nikavue samaki wa maji ya chumvi, nijue kwamba perege ni wa kupunguzia njaa tu. Upande wa pili wa ukuta waliishi mume na mke waliokuwa wakibishana kila jioni juu ya jambo lilelile, wahamie Kahe wakalime mpunga au wabaki mjini. Ukuta ulikuwa mwembamba na tuliwasikia neno kwa neno. Hiza alikuwa upande wa mke, mimi upande wa mume, nasi tukibishana kwa kunong'ona huku tunakula. Sidhani kama nimewahi kuishi vizuri zaidi ya hapo, na nyumba ninayoandikia hii ina vyumba vitano.

Tulifanya kazi kwenye gereji karibu na reli. Mwenyewe tulimwita Kanubai, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Moshi na aliyejua majina ya mafundi wake wote kumi na mmoja pamoja na majina ya watoto wao. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu na hakuuvunja kwa mtu yeyote. Gari likiingia, karani aliandika kadi ya kazi yenye jina la fundi, ikapachikwa kwenye waipa ya mbele. Kadi ikiwa na jina lako, gari ni lako mpaka litoke, na likiharibika njiani, umeharibu wewe. Hakutaka kusikia nani alimsaidia nani.

Siku moja ya masika kwenye lori la mfanyabiashara wa vitunguu palikuwa na kadi ya Hiza. Ilikuwa kazi ndogo, kubadilisha oili, lori lipakie na kuondoka kwenda Dar. Alikuwa ameshaimwaga oili chafu pale alipokuja mtu mbio kutoka kambini kumwambia mama yake amepelekwa hospitali, Mawenzi, ana homa na hatambui watu. Hiza alitoka chini ya lori, akanawa mikono kwa dizeli, akaniambia, "Mangi, nimalizie hilo, bado oili tu." Akaondoka hata bila kuvua ovaroli. Nilipoingia chini nilikuta nati ya sampu, ile inayoziba tundu la kumwagia oili chini ya injini, iko juu ya kitambaa, pembeni ya beseni. Nikairudisha kwa vidole, nikaizungusha mpaka ikagoma. Spana ya kumi na tisa ilikuwa kwa fundi mwingine, nikasema nitaifuata. Nikajaza oili kwanza. Mara nikaitwa kusaidia kusukuma gari lililogoma getini, na tulipomaliza kulisukuma tukasimama kuzungumza, na nilipokumbuka kwamba nilikuwa na kazi, dereva wa vitunguu alikuwa ameshaondoka. Nikumbuke nini tena? Nilikumbuka oili. Nati sikuikumbuka hata kidogo.

Lori lilikufa kabla ya kufika Same. Oili ilimwagika yote barabarani na injini ikanoki. Habari zilifika gereji kesho yake asubuhi, na nilipozisikia ndipo nilipoona vidole vyangu vikizungusha ile nati, waziwazi, mpaka doa jeusi lililokuwa kwenye kucha. Nilikuwa chini ya gari lingine, hatua mbili kutoka ofisini, na ofisi ilikuwa ya mbao nyembamba. Nilimsikia Kanubai akiuliza, "Kadi ni ya nani?" Karani akajibu, "Ya Hiza." Kanubai akasema, "Kijana mzuri. Lakini akibaki huyu, kesho kila mtu ataacha nati." Nilikuwa nimeshika spana juu ya boliti ambayo nilishaikaza. Nikaendelea kuikaza. Nilikaza mpaka mkono ukaniuma, na sikutoka chini ya lile gari mpaka saa ya chakula.

Mtu anaweza kusema huo ulikuwa woga tu, na woga wa kijana unasameheka. Jioni hata hilo nililiharibu. Hiza alirudi kutoka hospitali, mama yake amepata nafuu, akaambiwa getini kwamba kazi hana. Alikuja chumbani akakaa kitandani. Mimi nilikuwa nasonga ugali, mara hiyo moja nimejitolea kupika. Upande wa pili wa ukuta walikuwa kwenye habari ya Kahe, mume anasema mbu, mke anasema mpunga.

"Mangi," Hiza akaniuliza, "ile nati uliikuta nimeshairudisha?"

Niligeuza mwiko mara mbili. Nikamjibu, "Ndiyo."

Akatafakari. Nilimwona akitafuta kumbukumbu ambayo hakuwa nayo, akitazama viganja vyake. "Basi niliirudisha kwa vidole nikasahau kuikaza," akasema. "Siku ile akili yangu yote ilikuwa kwa mama." Tukala. Alisifia ugali, ingawa ulikuwa na madonge. Baada ya wiki moja alifunga nguo zake kwenye shuka, akaiacha misumari yake miwili, akaenda Tanga kwa mjomba wake. Kanubai alinipa kadi zake zote.

Nilikaa miezi saba na chumba kizima na kitanda kizima, na sikukipenda hata kimoja. Majirani waliendelea kubishana nami nikawa sina wa kubishana naye. Kila nilipowekewa kadi kwenye waipa niliona kama limefutwa jina la mwenzangu likaandikwa langu juu yake. Nilipungua mwili. Kisha ikaja barua. Hiza aliandika kwa maandishi yake makubwa ya shule ya msingi kwamba mama yake amepona kabisa, kwamba mjomba amemkabidhi mashine ya boti, bahari imetulia, na kwamba nije Jumamosi yoyote tukavue kutwa nzima kama alivyoniahidi. Hakulitaja lori. Niliisoma mara nyingi nikitafuta hasira mahali popote na sikuiona, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikaamua nitakwenda nimwambie.

Kabla ya kushuka Tanga nilipanda Uru. Kwetu mlimani, mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito humpelekea jani la isale. Ni mmea wa kawaida tu, majani marefu ya kijani, umepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ukitembea dakika tano utayaona mia. Lakini jani hilo likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, hawezi kulikataa. Anaweza kununa, anaweza kutoa masharti, ila kusamehe ni lazima. Nilichuma moja nyuma ya banda la ng'ombe nikidhani niko peke yangu. Shangazi alikuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya migomba.

"Isale unampelekea nani?" akauliza.

"Rafiki yangu, shangazi. Nimemkosea."

"Na mzee wa kukusindikiza yuko wapi? Isale mtu haendi nalo peke yake."

"Ni mtu wa Tanga. Huko hawalijui."

Hakuniuliza kosa. Akakata mkungu wa ndizi za mshare akanifungia chane tatu, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu, akasema, "Basi umweleze vizuri. Likifika kwa mtu asiyelijua, hilo ni jani tu."

Nilifika Tanga Ijumaa jioni, na alfajiri tulikuwa ufukweni. Mjomba wa Hiza alikuwa mtu mfupi mwenye miguu mipana, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia sijui. "Basi kaa katikati," akasema, na hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa. Boti ilikuwa ya mbao, futi kumi na nane hivi, yenye mashine ya dizeli ya pistoni moja chini ya mfuniko. Tulipakia ngisi wa chambo, kasha la barafu, debe la maji ya kunywa, jiko la mkaa lililowekwa kwenye karai lenye mchanga, na ndizi zangu. Mjomba alibaki. Ilikuwa siku yetu, alisema, boti itapumzika kazi na sisi tupumzike maneno ya watu.

Kabla ya kuwasha mashine Hiza alifungua mfuniko, akachukua spana akajaribu nati ya sampu. Ilikuwa imekaza. Akaijaribu tena. Akaifuta kwa kitambaa, akaijaribu mara ya tatu akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Tukaondoka. Hatujafika mbali akazima mashine, tukawa tunaelea, akafungua tena mfuniko akaingiza mkono. "Mjomba ananicheka," akasema bila kunitazama. "Anasema naipapasa kama mama anayepapasa mtoto mwenye homa. Hata nyumbani nikilala huwa naamka, naikumbuka, naja mpaka hapa." Akacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa katikati kama nilivyoagizwa, na nikajua kwa mara ya kwanza nilichokuwa nimekifanya. Nilidhani nilimpotezea kazi. Kazi alikuwa ameshapata nyingine. Nilichomnyang'anya ni imani na mikono yake mwenyewe, na alikuwa mtu mwenye mikono mizuri kuliko yangu.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake tulivua, na nakiri kwamba tulivua kwa raha. Tulitia nanga juu ya mwamba mahali ambapo maji yalikuwa ya kijani, na pwani ilionekana bado, nyembamba. Hiza alinifundisha kuukalisha mshipi juu ya kidole cha shahada, niuache ushuke mpaka chubwi, kile kipande cha risasi kinachouzamisha, igonge chini, kisha niupandishe dhiraa moja na kusubiri. "Akidonoa mwache. Akivuta, mvute." Nilipoteza ngisi wanne kwa kumvuta aliyedonoa. Wa tano alivuta, nikavuta, akapanda changu mwenye ukubwa wa kiganja na nusu, akaruka ruka miguuni pangu, na mimi niliyelelewa na shangazi yangu nikanyanyua miguu yote miwili juu ya ubao. Hiza alicheka mpaka akaushikilia ukingo wa boti. Aliuliza kama majirani wamehamia Kahe. Nikamwambia bado wanabishana, ila sasa mume ndiye anayetaka mpunga na mke anazungumzia mbu. Alifurahi sana kusikia hivyo. Tukapata changu tisa na tasi kadhaa, na yeye akapata kolekole mmoja mkubwa aliyemzungusha boti nzima. Jua lilikuwa kali lakini upepo ulikuwa mzuri, na mara mbili tatu nilisahau kilichonileta.

Kufikia saa sita aliniachia jiko. Nilimenya mshare, nikazipanga kwenye sufuria na vipande vya changu, na nikiwa Mchagga nikaona hakuna haja ya kupoteza maji ya kunywa wakati tumezungukwa na maji yenye chumvi tayari. Nikachota baharini. Hiza alikuwa anatengeneza ndoana yake, hakuona. Sufuria ilipoanza kuchemka nikajua kwamba tukishakula tutalala, tukiamka tutarudi, na nitapanda basi na maneno yangu tumboni. Nikasema nikiwa nakoroga, jinsi nilivyokuwa nakoroga siku ile nilipomdanganya.

"Hiza, nati ya lile lori niliikuta kwenye kitambaa. Niliirudisha mimi, kwa vidole. Nikaenda kusukuma gari sikurudi kuikaza."

Hakugeuka. Mshipi ulikuwa mkononi mwake na niliona ukivutwa, samaki amekula, akamwachia.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema uliikuta imewekwa."

"Ndiyo."

"Miezi saba, Mangi. Miezi saba najiona mwendawazimu." Sauti yake haikupanda. Alikuwa anautazama mfuniko wa mashine. "Nilikataa kazi mbili za gereji hapa Tanga. Niliwaambia mimi si wa kuaminiwa na gari la mtu. Niliwaambia kwa mdomo wangu."

Nikatoa kwenye mfuko gazeti nililofungia isale, nikalifungua, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akauliza ni kitu gani. Nikamweleza vizuri, kama nilivyoagizwa, kuhusu fundo na mipaka ya vihamba, na nini hutokea mtu akiletewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikilipokea nimekusamehe?"

"Ndiyo."

"Nikilikataa?"

"Halikataliwi."

"Hata kama sitaki?"

"Hata kama hutaki. Ndiyo kazi yake."

Alilitazama, hakuligusa. "Basi lirudishe kwenye gazeti," akasema. "Kama ni lazima, anayekusamehe ni hilo jani, si mimi. Mimi niache niamue mwenyewe, siku nitakayopenda. Na kama sitapenda, basi." Akauvuta mshipi wake, ndoana ilikuwa tupu, akaanza kuutia chambo kingine, polepole. Kisha akasema, "Mimi umeshaniambia. Kanubai anajua?"

"Hajui."

"Na mafundi?"

"Hawajui."

"Wanajua Hiza ni fundi asiyekaza nati. Nenda kawaambie. Mbele yao wote, saa nne wakinywa chai. Halafu tutaona."

Tulikula. Sufuria ile haikulika, chumvi ilikuwa inakata ulimi, lakini Hiza alikula sehemu yake yote akitazama pwani, nami nikala yangu kwa sababu sikuthubutu kumwaga. Alipomaliza alikunywa maji makopo mawili, akasema, "Chumvi imezidi." Nikamweleza nilichofanya. Akatikisa kichwa. "Mangi, hata maji unabana." Maneno yote yaliyofuata yalikuwa ya samaki. Tulipong'oa nanga alifungua mfuniko, akaitazama ile nati, mkono wake ukasimama juu yake. Akaufunga mfuniko bila kuigusa, akawasha. Hakusimama njiani hata mara moja. Ufukweni alinichagulia changu wanne wakubwa, akawafunga na barafu kwenye mfuko wa sandarusi. Niliwapa majirani zetu wa Pasua, wakaacha kubishana jioni moja.

Jumatatu nilifika gereji saa moja unusu. Nilikuwa nimeambiwa saa nne. Nilijiambia kwamba mwenye gereji ndiye mkubwa, ni adabu aanze yeye, nikabisha hodi ofisini, nikaingia, nikaufunga mlango. Kanubai alikuwa anakunywa chai ya maziwa kwenye kisosi. Nikamwambia yote. Alisikiliza, akaweka kisosi chini, akasema, "Lori limeshatengenezwa, mwenyewe ameshanyamaza, mwenzako ameshaondoka. Sasa unanitaka nifanye nini, nikufukuze na wewe? Nibaki na nani?" Akasema Hiza akitaka kurudi arudi, yeye hana neno. Nikatoka nikiwa mwepesi kama mtu aliyemaliza. Saa nne nilichukua kikombe changu nikakaa na mafundi kwenye matairi. Mmoja alikuwa anasimulia mpira wa Jumapili. Nikasubiri amalize, na alipomaliza akaanza mwingine, na kengele ikalia. Nikasema kesho. Nilisema kesho wiki nzima, na wiki iliyofuata, mpaka sikukuu za Krismasi zikafika na tukafunga gereji.

Nilimwandikia Hiza kwamba nimemwambia Kanubai na kazi yake ipo. Alijibu kwa mstari mmoja, "Ulimwambia mbele ya nani?" Nikaandika, "Ofisini." Hakujibu. Na hakurudi Moshi kufanya kazi. Alifungua kibanda chake Tanga, akatengeneza mashine za boti, baadaye na magari, na akawa fundi ambaye watu walimfuata kutoka Pangani na Horohoro. Alikuja kwenye harusi yangu na kasha zima la samaki, na wazee wa Uru wakamshukuru na kumwomba aliweke mbali kidogo. Mimi nilikwenda kwenye harusi yake. Kwa karibu miaka arobaini nimekula kwake na yeye amekula kwangu, wanawe wananiita baba mdogo, tumeuguzana, tumezikiana. Lori hakulitaja tena, nami sikulitaja. Neno la kunisamehe, alilosema atalitoa siku atakayopenda, hakulitoa. Nilijua vizuri ni kwa nini, na bado kila nilipoagana naye stendi nilikuwa nalisubiri.

Basi Jumamosi, ratiba ilipofika salamu za marafiki na wakatajwa watu wawili ambao si mimi, nikasimama. Nilisema mimi ndiye niliyefanya kazi naye Moshi ujanani. Nikasema kuhusu lori, kadi, nati, na swali aliloniuliza jioni ile na jibu nililompa. Wale mafundi wenzetu hawakuwepo, wengi wao wameshatangulia. Waliokuwepo walinisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mzee msibani jua likiwa utosini na chakula kinanukia. Mratibu alinishukuru, akaomba wanaofuata wazungumze kwa ufupi.

Baada ya maziko Mhina, mwanawe wa kwanza, naye ni fundi, alinifuata chini ya turubai. Aliniamkia, nikaitikia.

"Baba mdogo, hiyo nati sisi tumekua nayo," akasema. "Kila tukifunga injini alikuwa akitusimulia. Anasema, mimi nilifukuzwa kazi Moshi kwa kusahau kukaza nati moja, tazameni vizuri."

"Alisema alisahau yeye?"

"Yeye. Mama naye anajua hivyo, tangu wanaoana." Alikuwa anauchezea mkono wa shati lake kwa vidole vyenye oili kwenye mikunjo. "Ila ukiwepo wewe hakuwa anaisimulia. Nilikuwa najiuliza kwa nini."

Nikamwambia kwamba baba yake, kwa kadiri nilivyomjua, hakuwahi kusahau nati yoyote. Mhina akaitikia kwa kichwa, akavuka uwanja mpaka mkekani alipokaa mama yake na wanawake wengine, ambako hotuba hazikusikika vizuri, akachuchumaa akamwambia. Nilimwona Mama Mhina akimsikiliza, kisha akiinua uso kunitazama. Alinitazama kitambo kirefu. Mimi nilibaki nimesimama pale pale nikingoja aniite, mpaka Kosta yetu ya Moshi ilipopiga honi. Hakuniita, na hiyo ni haki yake.